Barua ya wazi kutoka Tabora: bei ya mkopo iwe na mwenyewe mmoja

Kwa: Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, Waziri wa Fedha, Waziri wa Nchi anayeshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), Mrajis wa Vyama vya Ushirika.

Nakala: Tume ya Ushindani, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Wakurugenzi wa halmashauri zote nane za Mkoa wa Tabora.

YAH: NANI ASIMAMIE RIBA YA MIKOPO MIDOGO

Waheshimiwa,

Tunaoandika barua hii tuko Tabora, na kazi yetu ya kila siku ni vitabu vya mikopo: wahasibu wa SACCOS (vyama vya akiba na mikopo), maofisa mikopo, walezi wa vikundi vya kuweka na kukopa. Kwamba riba za mitaani zinaumiza mnalijua. Jina la "kausha damu", yaani mikopo ya mitaani yenye riba kali, limeshatamkwa hadi bungeni. Swali letu ni jingine. Mama lishe wa Kaliua akitozwa kupita kiasi, ni ofisi ipi yenye wajibu wa kuupigia hesabu mkopo wake, kutamka kuwa umezidi, na kuusimamisha? Tumelifuata swali hilo ndani ya sheria zilizopo, na kila mara jibu linabadilika kulingana na koti alilovaa mkopeshaji. Tunaomba hapo parekebishwe.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga wakopeshaji katika madaraja manne. La kwanza ni benki na taasisi zinazopokea amana. La pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, na wakopeshaji wa mitandaoni wamo humu. La tatu ni SACCOS. La nne ni vikundi vya kijamii: VICOBA, vikundi vya hisa na ndugu zao. Sheria imeikabidhi Benki Kuu usimamizi wa wote, lakini daraja la tatu limekasimiwa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika (ofisi ya Mrajis), na la nne kwa halmashauri. Mwaka 2019 zikatoka kanuni za madaraja hayo, pamoja na kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Ni kazi kubwa iliyofanyika, na tunaithamini.

Lakini mgawanyo huo unamfuata mkopeshaji, wakati maumivu yanaufuata mkopo. Mkopaji anaona bango la "mikopo ya haraka", meza, daftari na kijana mwenye simu mbili. Hawezi kujua kama aliyeketi pale ana leseni ya daraja la pili, au ni kikundi kilichosajiliwa halmashauri kinachokopesha hata wasio wanachama, au ni duka la vifaa lenye leseni ya biashara ya kawaida linalokopesha chinichini. Akienda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii anaambiwa hiyo ni kampuni, nenda Benki Kuu. Benki Kuu ina matawi Mwanza, Dodoma, Arusha, Mbeya, Mtwara na Zanzibar. Tabora hakuna, Kigoma hakuna. Kwa mtu wa Kaliua mwenye deni la laki moja, nauli ya kwenda Mwanza na kurudi ni sehemu ya deni lenyewe, na biashara imefungwa siku zote hizo.

Tuanze na kipimo, maana wasimamizi wawili wenye mizani tofauti hawawezi kukubaliana kama gunia limezidi.

Kwa watoa mikopo wa daraja la pili kimetangazwa kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Chukueni mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa miezi sita. Mkopeshaji anayetoza riba ya moja kwa moja, ile inayohesabiwa juu ya mkopo wa mwanzo hata baada ya nusu yake kulipwa, anachukua 35,000 kila mwezi. Riba yote ni 210,000, na rejesho la mwezi ni 201,667. Anayetoza asilimia 3.5 hiyohiyo kwa salio linalopungua anapata rejesho la 187,668, na riba yote ni kama 126,000. Wote wawili wameandika "3.5" kwenye mkataba, ila mmoja amechukua shilingi 84,000 zaidi. Ukiigeuza riba ya yule wa kwanza kuwa ya salio linalopungua, inafika asilimia 5.7 kwa mwezi.

Sasa ongezeni makato ya mwanzo, kwa sababu ndiko riba inakojificha. Ada ya fomu 20,000, ada ya kushughulikia mkopo asilimia 3, bima ya mkopo asilimia 1. Jumla 60,000, na zote zinakatwa kabla fedha haijatoka. Mkopaji anaondoka na 940,000 lakini analipa rejesho la mkopo wa 1,000,000. Gharama halisi imefika asilimia 7.7 kwa mwezi, zaidi ya mara mbili ya kikomo, na hakuna mstari hata mmoja kwenye mkataba unaosema zaidi ya 3.5. Mkaguzi anayesoma mkataba tu ataupitisha.

Hesabu hii haihitaji mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Afisa yeyote mwenye kompyuta yenye Excel aandike =RATE(6,-201667,940000) na jibu litakuja 0.0773, yaani asilimia 7.73 kwa mwezi. Namba ya kwanza ni idadi ya marejesho, ya pili ni kiasi cha kila rejesho chenye alama ya kutoa mbele, ya tatu ni fedha iliyomfikia mkopaji mkononi. Makosa tunayoyaona mara nyingi yako kwenye hiyo namba ya tatu: mtu anaingiza kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba badala ya kilichopokelewa. Kosa la pili ni "mwezi wa wiki nne". Anayehesabu wiki nne kuwa mwezi ana miezi 13 kwa mwaka, na mwezi huo mmoja wa ziada unalipiwa. La tatu ni akiba ya lazima. Mkopeshaji akishikilia sehemu ya mkopo kama "akiba" hadi mwisho, fedha hiyo haijakopeshwa, na haifai kuhesabiwa kama iliyokopeshwa.

Kausha damu yenyewe, ya kila siku, ipigiwe hesabu hivyohivyo. Mfano wa kawaida ni huu: unapewa 100,000, unarejesha 5,000 kila siku ya kazi kwa siku 26. Jumla 130,000. Mkopeshaji anaiita asilimia 30 kwa mwezi, na mkopaji anakubali kuwa ni asilimia 30. Lakini baada ya siku 13 deni limeshashuka kwa kiasi kikubwa, na riba bado inalipwa kana kwamba laki yote iko mikononi mwa mkopaji. =RATE(26,-5000,100000) inatoa asilimia 2.05 kwa siku. Nchini Uingereza tangu Januari 2015 mikopo ya muda mfupi imewekewa ukomo wa asilimia 0.8 kwa siku, faini ya kuchelewa isiyozidi paundi 15, na gharama zote kwa ujumla zisizozidi kiasi kilichokopwa. Mkopo wetu wa siku 26 umezidi kiwango hicho cha siku mara mbili na nusu kabla ya faini yoyote. Na faini zipo. Elfu mbili kwa siku kwa rejesho la elfu ishirini maana yake ni kwamba siku kumi za ugonjwa zimezaa rejesho jingine zima.

Kuna mikopo ambayo ofisi inayotafuta neno "riba" haitaiona kamwe, na hapa tunaomba msome polepole.

Ya kwanza ni hati ya mauziano. Mkopeshaji anampa mtu 500,000, lakini karatasi wanayosaini inasema mtu huyo amemuuzia pikipiki, friji au kiwanja, na kwamba "muuzaji" anayo nafasi ya kununua tena kwa 700,000 ndani ya siku 60. Mwenyekiti wa mtaa anapiga muhuri, mashahidi wawili wanasaini. Siku 60 zikipita, mali inachukuliwa bila mnada, bila notisi, bila kurudishiwa chenji. Mbele ya hakimu wa mahakama ya mwanzo, karatasi ile ni mauziano halali na aliyekopa anaonekana tapeli. Mwenyekiti mara nyingi anajua kuwa ni mkopo, ila hakuna mwongozo wowote mezani kwake unaomkataza kugonga muhuri.

Ya pili ni pikipiki ya mkataba. Pikipiki ya 2,800,000 taslimu anapewa kijana kwa rejesho la 12,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi 14. Atalipa 4,368,000. Kwa hesabu ileile ni karibu asilimia 6.6 kwa mwezi, na akikosa wiki mbili mwezi wa 13 ananyang'anywa chombo ambacho ameshalipa zaidi ya bei yake. Kwa wenye biashara hiyo huu si mkopo, ni mkataba wa kazi. Kwa hiyo hauna daraja, wala msimamizi.

Ya tatu ni ya wakulima. Kwa Igunga na Nzega ni mpunga unaouzwa ukiwa bado shambani: unachukua fedha ya nusu gunia leo, unatoa gunia zima siku ya mavuno. Kwa Urambo, Kaliua na Sikonge ni pembejeo za tumbaku. Mkulima anaandaa vitalu kabla ya mvua, anapandikiza mvua zikianza, na fedha anaiona masoko yakifunguliwa mwaka unaofuata. Mbolea na dawa anazipokea kwa mkopo kupitia AMCOS yake, yaani chama chake cha ushirika wa mazao. Tofauti kati ya bei ya mfuko wa mbolea kwa taslimu na bei ya mfuko huohuo kwa kukatwa sokoni ni riba, iitwe jina lolote. Aonyeshwe bei zote mbili kwenye karatasi moja siku anapopokea mfuko. Na kwa mkulima huyu kikomo cha kwa mwezi kipimwe kwa akili: anayelipa mara moja baada ya miezi minane, deni lake halikupungua njiani, kwa hiyo kwake riba ya moja kwa moja si hila. Kuandika kanuni moja ya marejesho ya kila wiki kwa muuza mchicha wa kata ya Ng'ambo hapa mjini na kwa mkulima wa tumbaku ni kumkosea mmoja wao.

Na jirani zetu wa Kigoma wana kalenda yao. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, shughuli ilisimama kwa amri ya Serikali, kwa sababu nzuri ya kuacha samaki wazaliane. Ratiba za marejesho hazikufungwa pamoja na ziwa. Mchakata dagaa mwenye rejesho la kila wiki alipaswa awe na mlango mmoja wa kugonga na kusema: ratiba yangu ipangwe upya, faini zisimame kwa miezi hii mitatu.

Katika miji mikubwa mjadala wa riba huenda ukaanzia kwenye kadi za mkopo. Huku kadi nyingi zilizoko mifukoni ni za kutolea mshahara au pensheni, na tena baadhi hazimo mifukoni: zimelala kwenye droo ya mkopeshaji pamoja na namba ya siri ya mwenyewe. Zoezi hilo la kushika kadi lipigwe marufuku kwa sentensi moja isiyo na mlango wa nyuma. Kadi ya mkopo ya mtu wa kawaida Tabora ni simu yake, kwa maana ya ile huduma inayokuongezea salio pungufu wakati wa kulipa halafu inatoza ada kwa siku mpaka fedha iingie. Ada ya shilingi chache kwa siku juu ya deni la elfu tano haionekani kitu, na haiitwi riba, lakini ipigieni hesabu ya mwezi muone. Na hapo ndipo mlango wa simu unapoleta wasimamizi wengine: Mamlaka ya Mawasiliano kwa laini na programu, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa wanaochota namba za ndugu na kumdhalilisha mdaiwa, Tume ya Ushindani kwa matangazo ya uongo. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilizitaja hadharani programu 69 za mikopo zisizo na kibali. Tulifurahi. Lakini programu ikifungwa jina, kesho inarudi na jina jingine, na bei ya mkopo bado haijapimwa na yeyote.

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Wenzetu wa nje wameshaona mrama wa namna hii, na kwa kuwa wao kadi ya mkopo ndiyo mkopo mdogo wa kila nyumba, inafaa kuwatazama.

Marekani, mwaka 1978, Mahakama ya Juu iliamua katika shauri la Marquette kwamba benki ya kitaifa inaweza kumtoza mkopaji riba inayoruhusiwa katika jimbo iliko benki, hata kama jimbo la mkopaji lina kikomo cha chini zaidi. Jimbo la South Dakota likaondoa kikomo chake, na benki ya Citibank ikahamishia biashara yake ya kadi huko, mjini Sioux Falls. Delaware nayo ikafungua milango mwaka 1981. Vikomo vya majimbo mengine vikabaki kwenye karatasi. Mwaka 2010 likaundwa shirika la shirikisho la kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, lenye nguvu ya kudai mikataba inayosomeka, lakini sheria iliyoliunda ikalikataza kuweka ukomo wa riba. Yaani mwenye macho akanyimwa mkono. Vyama vya akiba na mikopo vya shirikisho, kwa upande mwingine, vina msimamizi mmoja mwenye mamlaka ya bei, na riba yao ya juu imekaa kwenye asilimia 18 kwa mwaka tangu 1987, kadi zikiwemo. Somo kwetu ni jepesi kulisoma: kikomo kikifuata anuani ya mkopeshaji, mkopeshaji atahama anuani. Marekani walihamia jimbo jingine; hapa Tabora wanahama daraja.

Kenya waliweka kikomo mwaka 2016, asilimia nne juu ya riba ya Benki Kuu yao, lakini kwa mabenki peke yake. Mabenki yakawakimbia wakopaji wadogo, mikopo ya simu ambayo haikuwa na msimamizi ikastawi, na kikomo kikafutwa Novemba 2019. Wakopeshaji wa kidijitali waliletwa chini ya Benki Kuu ya Kenya kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2021, baada ya wengi kuumia. Afrika Kusini walifanya tofauti. Sheria yao ya Mikopo ya mwaka 2005 iliunda msimamizi mmoja wa mkopo wowote, uwe wa benki, duka la samani au mkopeshaji wa kona. Mkopo wa muda mfupi una kikomo cha riba cha asilimia 5 kwa mwezi kwa mara ya kwanza na 3 kwa inayofuata ndani ya mwaka huohuo, ada zina viwango vyake, na riba na gharama zinazoongezeka mkopo ukichelewa haziruhusiwi kupita mkopo halisi uliokuwa haujalipwa ulipoanza kuchelewa.

Hatuombi mamlaka mpya kama ile. Nchi yetu haihitaji jengo jingine na mkurugenzi mwingine kwa kazi hii. Tunaomba Sheria ya mwaka 2018 irekebishwe ili Benki Kuu iwe mwenye kusimamia bei ya kila mkopo anaopewa mtu binafsi au biashara ndogo, bila kujali anayekopesha amejiandikisha kama nini: kampuni, mtu mmoja, SACCOS, mwenye duka, mwenye pikipiki, au kikundi kinachokopesha nje ya wanachama wake. Mauziano yoyote yenye sharti la muuzaji kununua tena yahesabiwe kuwa mkopo mpaka ithibitike vinginevyo, na watendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa wapewe maelekezo hayo kwa maandishi. Ushirika ubaki na Mrajis kwa mambo ya uongozi, ukaguzi na hisa. Bei ya mkopo ipimwe kwa mizani ya Benki Kuu.

Kikundi kinachokopeshana chenyewe kwa chenyewe kiachwe nje ya kikomo. VICOBA inaweza kutoza asilimia 5 au hata 10 kwa mwezi na isiwe na dhambi, kwa sababu mwisho wa mzunguko riba ile inagawiwa kwa walewale walioilipa. Kuibana kwa kikomo cha kampuni ni kuvunja sanduku la kikundi lenye kufuli tatu kwa kisingizio cha kulilinda.

Mizani yenyewe iwe moja: gharama yote kwa mwezi kwa salio linalopungua, kila ada ikiwa ndani, ikihesabiwa juu ya fedha iliyomfikia mkopaji. Iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili, pamoja na namba nne tu: unapokea kiasi gani, unarejesha kiasi gani kila mara, mara ngapi, jumla yake ni ngapi. Mkopaji aondoke na nakala. Mkopo usiokuwa na ukurasa huo usidaiwe riba mahakamani, mkopo halisi tu. Sentensi hiyo ya mwisho itafanya kazi kubwa kuliko faini zote, kwa sababu mkopeshaji mwenyewe ndiye atakayekimbilia kuandika.

Kwenye kiwango cha kikomo tunawatetea wakopeshaji waaminifu kidogo. Mkopo wa 100,000 unahitaji kutembelewa, kuandikwa na kufuatiliwa karibu sawa na mkopo wa milioni tano. Asilimia 3.5 ya laki moja ni 3,500, na nauli ya bodaboda ya ofisa mikopo kwenda kata ya Ipuli mara mbili inaweza kuimaliza. Kikomo kimoja kwa mikopo yote kitawafukuza waaminifu kwenye mikopo midogo na kuwaachia uwanja wale wasioandika chochote. Kwa hiyo mikopo ya chini ya kiwango mtakachochagua iruhusiwe ada moja ya mwanzo, iliyotajwa kwa shilingi, itozwe mara moja tu hata mkopo ukiongezwa muda, na juu yake kuwe na dari isiyovukwa: riba, ada na faini zote kwa pamoja zisizidi mkopo halisi.

Macho ya Benki Kuu wilayani yawe halmashauri, lakini tunapendekeza Afisa Biashara. Afisa Maendeleo ya Jamii anasajili vikundi na anabeba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mezani pake hakuna nafasi, na si vizuri anayekopesha awe pia mkaguzi wa wanaokopesha. Kila robo mwaka Afisa Biashara achague mikopo kumi kwa kila mkopeshaji: mitano iliyokwisha, mitatu inayoendelea, miwili iliyochelewa. Miwili hiyo asiiruke, maana faini zinaonekana humo tu. Aombe daftari la marejesho na taarifa ya miamala ya simu au benki inayoonyesha kilichotoka siku ya mkopo. Mkataba ausome mwisho. Nyaraka zikiwapo, mkopo mmoja haumalizi nusu saa. Akikuta umezidi, awe na nguvu ya kusimamisha kwa maandishi ukusanyaji wa mkopo huo kwa siku 14 na kupeleka karatasi Benki Kuu. Uamuzi wa mwisho usiwe wake. Halmashauri inapata mapato kutokana na leseni za wafanyabiashara haohao, na kumwachia atoe hukumu ni kumweka pabaya yeye na ofisi yake.

Na Benki Kuu ije Tabora. Dawati moja katika ofisi ya Mkuu wa Mkoa, lenye mtu mwenye mamlaka ya kuamua na siku zinazojulikana za kufika Urambo, Nzega na Sikonge, lingetosha kuanzia. Orodha ya wenye leseni ibandikwe kila robo mwaka kwenye mbao za matangazo za kata, ikiwa na namba ya leseni na gharama ya mwezi ya kila mmoja kwa mkopo wa 100,000 na wa 1,000,000. Bei zikikaa ubaoni jirani kwa jirani, watu wataanza kuchagua.

Bima ya mkopo tunaiacha kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, mradi tu ada yake ihesabiwe ndani ya gharama. Polisi wao wasitumike kukusanya madeni, na deni peke yake lisimpeleke mtu mahabusu.

Tunaomba mkoa wetu uwe wa majaribio, halmashauri zote nane kwa pamoja, kwa msimu mmoja mzima wa tumbaku, kuanzia vitalu hadi soko la mwisho. Tukianza na wilaya mbili tu wakopeshaji watavuka mpaka. Sisi tuko tayari kuwafundisha maafisa hesabu tulizoonyesha hapa, siku mbili zinatosha, na kukabidhi jedwali la kukokotolea bila malipo. Majibu yenu tunayaomba kabla vitalu havijaanza kumwagiliwa, kwa sababu mikopo ya msimu husainiwa wiki zilezile.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wahasibu wa SACCOS, maofisa mikopo na walezi wa vikundi vya kuweka na kukopa,
Tabora